Tangi Likinyamaza

Mama aliniuliza kwenye simu: Mtakatifu Yohana,
huo ni mji, mwanangu, au ni misheni?
Nikamwambia ni mji. Una kilima cha jiwe tupu,
barabara zinazopanda kama ngazi za mnara,
kiwanda cha karatasi chenye harufu ya kabichi iliyochacha,
na ukungu unaoingia bila hodi.
Siku ya tatu ungeupa jembe,
lakini hauna mikono.

Mimi ni mtu wa mafuta. Naendesha lori la buluu,
navuta mpira mita arobaini juu ya theluji,
kati ya mapipa ya taka na baiskeli zilizozikwa,
hadi kwenye kijibomba ukutani.
Watu wa hapa nawajua kwa mbavu za nyumba zao.

Kila tangi lina mluzi. Mafuta yakiingia hewa hutoka,
na hewa ikitoka tangi hulia huko chini, gizani.
Likinyamaza, limejaa. Funga upesi.
Kazi nzima ndiyo hiyo:
kusikiliza kitu kikiacha kulia.

La mzee Doiron, aliyechomelea meli
hadi karakana ilipofungwa, linakoroma.
La Rodelio na mkewe, wauguzi wanaopokezana zamu na kitanda,
lina sauti ya birika.
Nyumba ya wanafunzi hawakujua kama wana tangi;
walinionyesha mashine ya kufulia.

Halafu mto.
Unashuka toka misituni siku zote za Mungu,
kisha bahari inajaa kupita kimo chake
na mto, bila haya, unarudi ulikotoka.
Mara mbili kwa siku. Watalii wanaupigia makofi.
Gabe Sabattis, fundi wetu wa malori, anauita Wolastoq,
jina lake kabla watakatifu hawajashuka melini.
Aliniuliza kwetu Tanga tunasemaje.
Nikamhesabia: maji kujaa, maji kupwa,
bamvua, maji mafu.
Akafuta mikono kwa kitambaa, akarudia lile la mwisho.
Maji mafu. Huo, akasema, ni mshahara wangu.

Bi Imelda Quigley, juu kabisa ya kilima,
huagiza lita mia. Lita mia, kila mara,
noti zimekunjwa ndani ya bahasha ya sadaka.
Miaka sita sijasikia tangi lake likinyamaza.
Mimi ndiye nililikatiza, katikati ya mluzi,
kama unavyomkatiza mtu
aliyekuwa bado ana neno.

Jumanne moja ya Februari, baridi ya kung'oa meno, akasema: Jaza.
Nikamtazama.
Jaza, akarudia, au Kiingereza changu kimeharibika?
Nikajaza. Mluzi ukapanda, ukawa mwembamba kama uzi,
ukakatika.

Akatoka mbio na ndara, koti juu ya gauni la kulalia.
Nini? Kimevunjika nini?
Hakuna, mama. Limejaa.
Tukasimama pale, pumzi zetu nyeupe,
yeye kichwa upande,
akiusikiliza ukuta wa nyumba yake mwenyewe.
Mlango aliuacha wazi. Niliona sebule,
zulia lililopauka rangi ya chai ya maziwa,
na kando ya dirisha, upana wa piano,
kipande kimoja chekundu, kipya,
ambacho jua halikuwahi kukifikia.
Sikuuliza. Nikamwandikia risiti.
Vidole vyake vilipoipokea
vilikuwa vinagonga karatasi, taratibu, kimoja kimoja.

Nikiteremka, nilisimamisha lori darajani,
mahali pasiporuhusiwa.
Ilikuwa ile robo saa ambayo mto bado haujaamua:
haushuki, haupandi.
Vipande vya barafu vimekaa palepale
kama foleni mbele ya benki iliyofungwa.
Nikazima injini nipate kusikia.

Nyuma yangu mtu akapiga honi.